Jina Nililolipiga Mstari

Jericho, Nairobi
Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri

Kezia mwanangu,

Mama yako amekupeleka Kaloleni kwa shangazi yako kusukwa nywele, na ninavyomjua shangazi yako na mdomo wake, hamtarudi kabla ya saa moja. Kwa hiyo nyumba ni yangu na meza ni yangu, isipokuwa hii pembe uliyoijaza vitabu. Mambo ya sweta, dawa ya malaria, na kuficha pasi yako ndani ya nguo mpaka uvuke Namanga, mama yako amekwisha kukuambia mara tatu. Sitayarudia. Mimi nina jambo moja tu, nalo limenikaa kooni miaka kumi na miwili.

Asubuhi nilipokuwa nalifunga sanduku lako kwa kamba, kile kitabu chako cha elimu ya jamii kilianguka, ikatoka picha. Zakaria, kaka yako, amesimama mbele ya pazia la mpiga picha wa Kariokor, suruali pana chini, mkono kiunoni kama waziri anayefungua shule. Nyuma ya picha umeandika kwa penseli: "Kuuliza bandarini." Nilikaa kitandani kwako nikiwa na kamba mkononi. Nilijua unaenda Dar es Salaam kusoma. Sikujua kwamba unaenda pia kumtafuta.

Usimtafute, Kezia. Kaka yako hayuko Dar es Salaam na hakuwahi kufika huko. Zakaria alikufa hapa Nairobi ulipokuwa darasa la pili. Amezikwa Lang'ata, upande ambao jiji huwazika watu wasio na wenyewe. Yeye alikuwa na mwenyewe, mimi nilikuwapo, nilikuwa na afya, na nilikuwa naenda kazini kila siku.

Baada ya kuandika hayo nimeinuka nikanywa maji, nimerudi. Utanisamehe mwandiko. Karani wa reli kwa miaka ishirini na nne, na leo naandika kama mtoto wa nasari.

Unakumbuka mwezi jana ulipokuwa unatusomea kile kitabu mezani? Ulikuwa na furaha, kila jioni unatuletea neno jipya kama mtu anayeleta samaki. Siku moja ukasema kwamba mtu mmoja hubeba nafasi nyingi, baba nyumbani, karani kazini, mzee kanisani, na kila nafasi ina mambo watu wanayoyangoja kutoka kwake, na kuna siku nafasi hizo hugombana ndani ya mtu mmoja. Ukanigeukia. "Baba, nipe mfano. Wewe umewahi kuwa watu wawili wanaogombana?"

Nikasema, "Mimi ni mtu mmoja tu, na huyo mmoja ana njaa."

Ulicheka. Mama yako hakucheka. Alikusanya sahani kabla hatujamaliza kula, nawe ukamwuliza kama anaumwa. Basi, uliniomba mfano nikakunyima. Nakupa leo.

Kabla ya kuhamia hapa Jericho tulikaa Makongeni, kwenye nyumba za reli. Hilo unalikumbuka kidogo, najua, maana huwa unataja bomba la nje na ule mwembe wa kuchorwa kwenye ukuta wa shule. Usilolikumbuka ni Chama. Sisi watu wa Maragoli tuliokuwa mjini tulikuwa na chama chetu cha kusafirishana. Mtu wetu akifa Nairobi, Chama kinamnunulia sanduku, kinatafuta gari, na wazee wanne wanamsindikiza hadi nyumbani azikwe kwenye boma la baba yake. Kwetu hilo si jambo dogo. Mtu anaweza kuishi mjini miaka arobaini, ale huku, aoe huku, lakini kuzikwa huku ni kutupwa. Mama yangu, ambaye wewe una jina lake, alikuwa akiniambia kila nikirudi mjini, "Nenda ukafanye kazi, lakini usinifie huko ukakaa." Nami nilikuwa Katibu. Daftari la majina lilikuwa mikononi mwangu: kila mwanachama, mkewe, na kila mtoto aliyezaliwa. Mtoto akizaliwa hospitalini Pumwani leo, Jumapili baba yake ananiletea jina, naandika. Aliyeandikwa alikuwa na uhakika wa kwenda nyumbani.

Tulikutana Jumapili ya kwanza ya mwezi kwenye ukumbi, baada ya kanisa. Mbele palikuwa na viti, nyuma mabenchi. Makarani, walimu na magadi, wale wasimamizi wa safari za treni, walikaa kwenye viti. Watu wa kutengeneza njia ya reli, wapishi na wajane walikaa kwenye mabenchi. Hakuna aliyetunga sheria hiyo, na hakuna aliyekosea mahali pake hata siku moja. Ulipotusomea juu ya matabaka, ukaeleza kwa kirefu kana kwamba ni jambo geni, mimi niliviona vile viti.

Kwenye benchi la nyuma kabisa alikaa Mama Jotham. Mumewe alikuwa wa genge la njia, akafa, Chama kikamsafirisha vizuri. Mama huyu aliuza mandazi langoni Makongeni; hata wewe alikuwa akikupa vipande vilivyovunjika. Mwanawe Jotham alipigwa na watu karibu na soko la Gikomba, wakisema amenyakua mkoba wa mwanamke. Walimpiga mpaka akafa. Jumapili hiyo tulikutana kuamua safari yake.

Mama Jotham alisimama akasema, "Mtoto wangu hakuhukumiwa na mtu. Alipigwa na watu ambao hata jina lake hawakulijua."

Nikainuka kwenye kiti changu cha mbele. Nilikuwa na suti ya kijivu. Nikasema, "Tunamhurumia mama. Lakini tukianza kuwabeba wezi, kesho nyumbani wataambiana kwamba Nairobi tumefungua chama cha wezi. Napendekeza jina la mwizi lisikae katika daftari hili." Walipiga makofi, hasa viti vya mbele. Ikaandikwa. Mimi ndiye niliyeiandika, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana siku hiyo.

Kesho yake alinifuata kazini, pale kwenye ghala la mizigo, kitambaa cha kichwa kimekaa upande. "Katibu, andika tu kwamba aligongwa na gari. Nani atauliza?"

"Mama, mimi siandiki uongo."

Nataka uyashike maneno hayo mpaka ufike mwisho wa barua.

Jotham akazikwa Lang'ata. Na sasa nikuambie jambo ambalo kitabu chako kinalisema kwa maneno mapana na mimi nililijua kwa ngozi. Baada ya siku ile Chama kilichangamka. Watu waliokuwa wakichelewa wakawahi, waliogombana wakasalimiana. Tulishikana vizuri kwa sababu tulikuwa tumemtoa mtu. Ulipotusomea wale wanaosema jamii ni kama mwili, kila kiungo na kazi yake, nilitikisa kichwa kwa raha. Ndivyo nilivyokiona Chama. Ukasoma wale wengine, wanaosema uliza kwanza sheria imetungwa na nani na inamuumiza nani, nikasema hao ni wachochezi. Sikuwa nimekasirikia kitabu, mwanangu.

Sasa Zakaria.

Alimaliza kidato cha nne, akapata cheti cha wastani. Mwaka mmoja na nusu alitembea Viwandani, lango hadi lango, na kila lango lina kibao chake: HAKUNA KAZI. Aliondoka asubuhi na shati lililopigwa pasi na mama yako, akarudi jioni shati limeshika jasho. Mimi nikamwambia, "Mimi nilipata kazi na darasa la saba. Wewe unachagua." Ulikuwa uongo wangu wa kwanza, ingawa sikuuona. Mimi nilipata kazi mwaka ambao Wazungu na Wahindi walikuwa wakiondoka na madawati yakiachwa wazi, na mjomba wangu aliyekuwa gadi alinishika mkono akanipeleka mpaka mbele ya bwana mkubwa. Ule mlango nilioingilia ulifungwa nyuma yangu, nikawa namlaumu mtoto kwa nini hapiti ukutani.

Alipochoka kutembea, alianza kukaa na wenzake kando ya reli wakicheza drafti. Siku moja, pale bombani, mbele ya wanawake na ndoo zao, nilimwita mhuni. Nilisema kwa sauti, ili watu wajue kwamba mimi sikubaliani naye. Hilo ndilo lililokuwa lengo langu, kwamba watu wajue. Wiki ya pili watoto wa Makongeni wakawa wanamwita vile vile. Mwezi uliofuata kuku akipotea, macho yanageukia mlango wetu. Na Zakaria naye akaanza kutembea kama wanavyotembea wahuni, bega moja chini, kofia kwenye jicho. Nikasema, "Mnaona? Nilisema." Kitabu chako kina ukurasa mzima juu ya jambo hili, umeukunja pembe. Mimi niliusoma wote ulipokuwa kwaya.

Halafu ikaja siku ya mablanketi. Marobota mawili yaliibwa kwenye behewa, yakakutwa yamefichwa nyasini, hatua chache kutoka pale walipokuwa wakicheza drafti. Polisi wakawazoa wote saba. Yale mablanketi yalikuwa yamepita kwenye karatasi zangu mimi, ghala langu. Niliogopa, Kezia. Niliona nikiulizwa, nikifukuzwa kazi, na nyumba ya reli inaondoka na kazi yake. Mama yako akasema, "Twende kortini, wamwone ana wazazi." Nikasema sitakanyaga. Nikamkataza naye. Kijana mmoja wa wale saba aliniambia baadaye kwamba kila mlango wa korti ulipofunguliwa, Zakaria aligeuka kutazama. Alipewa miezi sita.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ikafika. Sikuwa nimelala. Mwenyekiti wetu, Mzee Aluda, mtu mpole, alisoma ajenda, akafika mahali akakohoa. "Katibu, kuna ile sheria yetu. Lakini kijana bado mchanga, na amefungwa tu, hajafa. Mimi naona tuliache jambo hili lipite."

Alinifungulia mlango. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya.

Na kule nyuma Mama Jotham alisimama. Nilidhani anataka kulipiza, na moyoni nilisema ana haki. Alisema, "Usilifute, Katibu. Mimi nimeonja. Usilifute."

Laiti angenitukana. Huruma yake mbele ya watu ilinichoma. Nikafikiri: nikiliacha jina, watasema sheria ya Katibu ilikuwa ya wajane na maskini. Na kweli ilikuwa ya wajane na maskini, ndiyo maana nilitaka sana kuonyesha kwamba siyo, na kitu pekee nilichokuwa nacho cha kuonyeshea kilikuwa mwanangu. Nikaomba rula. Nikatoa kalamu nyekundu niliyokuwa nikitumia kwa waliokufa. Nikapiga mstari juu ya jina lake, umenyooka, kutoka Z mpaka mwisho. Kisha nikaupuliza wino ukauke.

Wakapiga makofi. Mzee Aluda hakupiga. Mama Jotham alitoka nje. Nilipigiwa makofi kwa kumfuta mwanangu, na, Kezia, nilijisikia vizuri. Ungeweza kuniona nimekaa wima. Hilo ndilo ninaloona aibu kulisema kuliko yote, na ningeweza kuliruka, wewe usingejua.

Ulitaka mfano wa nafasi mbili zinazogombana. Mimi hazikugombana hata kidogo. Katibu alisema, baba akanyamaza.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Nawe kwetu unajua, mwanamke akizaa, jina lake la usichana linabaki kwa wazazi wake. Mtaani anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Mama yako kwa miaka ishirini alikuwa Mama Zakaria. Jumatatu ile bombani, mwanamke mmoja, sijui kwa kumheshimu au kwa kumchoma, alimwita, "Mama Kezia, ndoo yako imejaa." Mama yako hakugeuka. Maji yakamwagika mpaka mtu mwingine akaenda kufunga. Kuanzia hapo wote wakashika hilo jipya. Mimi pia nikawa Baba Kezia, na mimi niligeuka nilipoitwa.

Zakaria alitoka jela akaja nyumbani Jumapili mchana. Wewe ulimrukia. Alikuwa amekuletea muwa, akauvunja kwa goti, akakupa kipande kizuri. Hakukaa. Alisimama mlangoni kama mtu wa kuleta barua.

"Fathee, nasikia umenitoa kwa buku."

"Ni sheria ya Chama."

"Sawa. Lakini hizo blanketi sikugusa. Sisi tulikuwa tunacheza drafti, makarao wakacome wakabeba kila mtu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia wapi, na hukukuja korti?" Alitazama chini, akacheka kidogo. "Na nikidedi je, fathee? Nani atanipeleka ocha?"

Makarao ni polisi, na ocha ni nyumbani, kule Maragoli, kwa lugha yao ile ya mitaani. Alikuwa na miaka ishirini na moja na alikuwa ananiuliza juu ya kaburi. Nikamjibu, "Ishi vizuri, hutauliza maswali hayo." Mama yako alikuwa amesimama nyuma yangu na sahani ya ugali aliyompakulia. Zakaria aliichukua, akala akiwa amesimama pale pale, akamrudishia sahani kwa mikono miwili, akaenda zake.

Alikwenda Dandora. Wakati huo Dandora ilikuwa viwanja tupu na watu wakijijengea, na palikuwa na kibarua cha kuchanganya zege. Alilala kwenye vyumba ambavyo havijaezekwa. Mvua za mwezi wa nne zikamkuta humo, akashikwa na kichomi. Siku moja kijana mwenye viatu vya saruji alikuja ghalani akauliza, "Baba Zakaria ni nani hapa?" Mwaka mzima hakuna aliyekuwa ameniita hivyo. Akaniambia yuko chumba cha maiti, siku ya nne sasa.

Nilikwenda. Ni yeye. Alikuwa na saruji kwenye kucha. Nikamwambia mtu wa pale nitarudi.

Sasa hapa ndipo nakuomba usome polepole, kwa sababu hapa hakuna sheria ya kujifichia. Nilikwenda kwa Mzee Aluda nikamwambia nimepata msiba. Akanishika mkono akasema, "Lete ombi kwa Chama, tutakaa." Ombi. Yaani nisimame pale aliposimama Mama Jotham, niseme yale yale aliyosema, mbele ya wale walionipigia makofi. Nikasema kesho. Kesho yake nikasema kesho. Ningeweza kutafuta gari mwenyewe, lakini maiti ikifika nyumbani bila watu wa Chama kila mtu angeelewa kwa nini. Mama yako sikumwambia, nilisema kazini kuna hesabu ya mizigo. Nilikuwa nangoja Chama kije kunibembeleza. Nao, nafikiri, walikuwa wakingoja mimi nijishushe. Hakuna aliyekuwa mbaya peke yake. Tulikuwa tunangojana tu, kama watu wawili mlangoni, na mtoto amelala kwenye bati baridi.

Niliporudi kule, yule mtu alipitisha kidole kwenye orodha. Akasema waliokaa muda mrefu bila mwenyewe walichukuliwa Alhamisi.

Ndipo nikamwambia mama yako. Hakupiga kelele. Alijifunga leso, akatoka, akaenda kwa mtu mmoja tu katika Makongeni nzima aliyekuwa anajua njia ya kule. Mama Jotham alifunga mandazi yake, wakaenda wote wawili. Walirudi jua likizama, miguu imejaa udongo mwekundu. Mama yako akaniambia, "Nimepaona. Wewe usiende." Sijaenda mpaka leo. Yeye huenda kila mwaka na Mama Jotham, ile siku tunayokuambia amekwenda maombi.

Nawe ulikuwa ukiuliza. Kila siku, "Zaka yuko wapi?" Nikakuambia amepata kazi bandarini Dar es Salaam. Mimi, mtu asiyeandika uongo. Mama yako hajawahi kukuambia hivyo hata mara moja, ukifikiri vizuri utakumbuka. Ukiuliza yeye huenda jikoni. Uongo ulikuwa wangu. Mwaka uliofuata reli ya Afrika Mashariki ikagawanywa, mpaka wa Tanzania ukafungwa, nami nikashukuru, Mungu anisamehe, nchi zimegombana na mimi nimepata pa kuficha mtoto. Ulikuwa ukisikia habari za mpaka redioni unasema, "Ukifunguliwa Zaka atakuja." Ukafunguliwa. Nikasema watu wa bandarini huhamahama. Ulidhani tulihamia Jericho kwa sababu ya chumba cha pili. Tulihama kwa sababu nilitaka mtaa ambao watu hawajui kwamba kuna mtoto aliyekutangulia.

Na jambo lingine. Jirani zetu hapa wanasema mama yako hasikii vizuri. Hata wewe, ulipokuwa kidato cha pili, ulimwomba daktari wa shule ushauri. Wanamwita mlangoni, "Mama Kezia! Mama Kezia!" anaendelea kufua mpaka wamguse bega. Kezia, mama yako hana ugonjwa wowote wa masikio. Anasikia mpaka panya darini. Hageuki kwa sababu hilo si jina lake. Anakupenda wewe, hilo halina shaka, lakini hajakubali kuitwa kana kwamba wewe ndiye wa kwanza. Mtaa mzima umekuwa ukimpa jina jipya miaka kumi na miwili, naye anakataa kwa njia pekee aliyo nayo, kwa kunyamaza. Kitabu chako kinasema tunajijua kwa vile wengine wanavyotuita. Muulize mwandishi wake kama amewahi kumwona mwanamke wa namna hii.

Siandiki haya ili unipe pole. Na ushauri sina mwingi, mtu aliyeanguka shimoni hafundishi watu kuruka. Lakini unakwenda kusomea kazi ambayo siku moja itakupa kalamu na karatasi yenye vijumba, utapita mlango hadi mlango ukiandika huyu ni nani, ana kazi au hana, ni mtu wa namna gani. Mimi niliifanya kazi hiyo. Kalamu haikuwa nzito hata kidogo. Makofi yakianza, mwanangu, tazama ni nani ametoka nje.

Nilitaka kwanza kukupa barua hii stesheni ya basi, uisome njiani ukiwa umeshafika mbali nami. Nikaona huko ni kukimbia tena, kortini sikwenda, Lang'ata sikwenda. Kwa hiyo nitaiweka ndani ya kitabu chako, pale pale penye picha, na leo jioni ukipanga vitabu utaiona. Picha usiitoe. Futa tu yale maneno ya penseli, au yaache, upendavyo.

Nitakuwa hapa mezani kesho asubuhi kabla hujaamka. Ukitaka kuniuliza, uliza, nitajibu hata yale ambayo sikuyaandika. Ukitaka kupita bila kuniaga, pita, sitauweka mguu mlangoni. Naogopa hilo. Naliogopa kuliko nilivyoliogopa jambo lolote tangu ile siku ya mablanketi, maana nikikupoteza wewe, hakuna Chama wala sheria ya kusingizia.

Lakini mama yako usimpite. Atakuwa bombani na ndoo saa kumi na moja alfajiri, na majirani watakuwa wameanza kuja kukusindikiza. Mwendee kwa nyuma, usimguse bega. Simama mbali kidogo na umwite kwa sauti, watu wote wasikie, "Mama Zakaria, mimi naenda."

Utaona atakavyogeuka.

Mimi baba yako,
Baba Zakaria